Mnunuzi Aliyekanwa na Avenyu Nzima

Ng'ambo ya Kirungu, tarehe 11 Februari 2024

Yaya Léontine,

Barua hii ikukute umekaa, dada yangu mkubwa, siyo umesimama na beseni la ndagala kichwani. Mimi niko mzima. Baridi ya huku Marungu ni ya kweli. Asubuhi ukishika nyundo, chuma kinakuuma vidole kama kina meno. Tunapasua mawe ya barabara. Daraja moja tumelimaliza, la pili bado linatusumbua kwa sababu mto wenyewe hautaki kutulia. Chakula ni mahindi na maharagwe, kesho yake maharagwe na mahindi, lakini maharagwe ya milima hii ni matamu, sitalalamika.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Simu yangu iliingia ndani ya pipa la maji ya kuchanganyia simenti, na hata ingepona, rezo haifiki kwenye bonde letu. Jean-Luc, dereva wa lori la mawe, amekubali kuteremsha barua zangu mpaka bandari ya Moba, na kutoka pale boti lolote linalopanda Kalemie litazibeba. Majibu yako mpe nahodha, amwachie Jean-Luc.

Mwanangu Abigaël anaendeleaje na masomo? Tangu mama yake afe wewe ndiye mama na baba yake. Sijawahi kukushukuru kwa mdomo, maana nikianza mbele yako unaniambia nikachote maji. Kwa barua huwezi kunituma. Basi asante, Yaya. Asante kwa mtoto, kwa uji wake, kwa nywele zake unazosuka Jumamosi.

Sasa nikuulize. Nyumba ikoje? Bati za upande wa jiko nilikuwa sijazipigilia nilipoondoka. Tangu tulipokimbia Baraka tukiwa wadogo, tumelala kwa watu. Ile parseli niliyonunua kwa Toussaint ndiyo ardhi ya kwanza ambayo muntu hawezi kutuambia tuhame. Usiku hapa kwenye hema, wenzangu wakikoroma, mimi ninapiga hesabu ya madirisha. Lakini barua yako ya Noeli haikutaja nyumba hata kwa neno moja. Ulinieleza mpaka mbuzi wa jirani.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Hippolyte


Kalemie, tarehe 17 Machi 2024

Papa Abigaël, mdogo wangu,

Salamu zako zimefika, zilinikuta nimesimama na beseni kichwani, kwa hiyo dua yako haikusikilizwa. Tuko wazima wote. Abigaël amekuwa mrefu, sasa anavaa viatu vyangu bila kuniomba. Mwalimu wake anamsifu kwa hesabu, anamlaumu kwa mdomo. Huo mdomo sijui ameutoa wapi.

Ziwa limepanda, Hippolyte. Limeingia kwenye nyumba za chini, watu wanapanda kilima chetu na magodoro. Sebuleni kwetu wamelala Mama Chantal na wanawe, nyumba yao ya kupanga imejaa maji mpaka dirishani. Ndagala zenyewe zimekuwa ghali, wavuvi hawana pa kuanikia.

Habari nyingine, ukae chini ndipo uisome. Unamkumbuka Christophe, kaka wa Toussaint? Yule aliyevuka ziwa wakati wa vita, tukaambiwa boti lao lilizama, tukamlilia matanga? Amerudi. Amekuja na boti la Kigoma, begi moja, mvi kichwani, na Kiswahili cha Tanzania. Akikupita njiani anasema "samahani" kabla hujakasirika. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi, halafu akalima tumbaku kwa watu huko Mpanda. Jirani yetu Mama Pascaline alipomwona aliacha gunia lake la makaa ya kuuza katikati ya njia, akakimbia. Baadaye akarudi, akamwangalia juu mpaka chini, akamwambia: "Wewe Christophe, mimi nilileta kuku kwenye matanga yako. Utanirudishia."

Nyumba ipo. Bati zimepigiliwa.

Nilitaka tu kujua, ile karatasi mliyoandikiana na Toussaint iko wapi? Na mashahidi wako walikuwa nani? Toussaint mwenyewe haonekani, wanasema amekwenda kulima kule kijiji cha Bendera. Usiwe na wasiwasi, kazi njema.

Yaya wako,
Léontine


Ng'ambo ya Kirungu, tarehe 14 Aprili 2024

Yaya,

Amani ya Mungu iwe sebuleni kwako, juu ya magodoro yote yaliyomo. Umefanya vizuri kumpokea Mama Chantal. Sisi pia tulipokelewa, na hakuna aliyetuuliza tutaondoka lini.

Habari ya Christophe nilimsomea kila muntu hapa shantiye, penye kazi yetu. Wamecheka, halafu kila mmoja akataja mtu wake ambaye alimlilia matanga bila kuona mwili. Mimi nilifurahi kweli. Nilikaa kwenye matanga yale. Nililala nje juu ya mkeka na wanaume wengine. Mwambie nimefurahi.

Lakini nikasoma tena, na furaha ikapungua. Yaya, mimi sikusoma sana, ila wewe ninakusoma. Ukiandika "nyumba ipo" kwa maneno mawili, na mbuzi ukampa ukurasa, kuna jambo. Christophe amerudi, Toussaint amekimbilia Bendera, na wewe unataka karatasi. Niambie wazi. Ukinificha ninawaza mabaya kuliko yaliyopo.

Karatasi iko kwa shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, Papa Serge. Majina yangu yote matatu yameandikwa pale, maana aliomba kadi yangu ya uchaguzi, ninamshukuru kwa hilo. Mashahidi ni yeye, Mama Pascaline na fundi wa baiskeli. Tuliuzunguka mpaka wa kiwanja mchana kweupe, avenyu nzima ikitazama. Kila kona Toussaint aliweka jiwe, na mimi nikaweka langu juu yake.

Samahani kwa mwandiko. Leo ni Jumapili, ninaandika nimelala.

Hippolyte


Kalemie, tarehe 19 Mei 2024

Hippolyte,

Mungu ni mwema, tumeamka, tumekula, Abigaël amefaulu mitihani ya kipindi. Ziwa bado halijarudi mahali pake.

Umenikamata. Nitasema yote na usiniulize kwa nini nilichelewa.

Christophe aliporudi mwaka jana, hakuja kwanza kwetu. Alikwenda tribunali, akamshtaki ndugu yake kwamba aliuza ardhi ya baba yao peke yake. Toussaint alisimama mbele ya jaji akasema ni kweli, aliuza, alidhani kaka yake amekufa. Wanasema alikuwa akilia, hakujitetea hata kidogo. Jaji akauliza aliyenunua ni nani. Toussaint akataja majina yako matatu. Basi tribunali ikamtuma mjumbe wake aje kukutafuta, nawe ulikuwa umeshaondoka.

Mimi nilikuwa sokoni siku hiyo. Mama Pascaline ndiye aliyenieleza, na alinieleza juzi tu. Alikuja kijana wa shati jeupe na faili. Akasimama penye makaa, akasoma: "Wilondja Etabo Hippolyte anakaa wapi?" Mama Pascaline akajibu: "Muntu wa jina hilo hatumujui hapa." Akamwuliza fundi wa baiskeli. Fundi akasema: "Labda avenyu ya pili, Papa." Kwenye ile ya pili wakamwambia labda avenyu ya kwanza. Akauliza watoto waliokuwa wakicheza, nao wakasema labda ni muntu wa Lubumbashi. Mmoja wa watoto hao alikuwa Abigaël. Usimgombeze. Ni mimi niliyemfundisha.

Wewe ulikuwa mdogo, sijui unakumbuka kiasi gani. Kule Baraka walikuja watu na karatasi, wakasoma majina matatu ya kaka yetu Élisée mlangoni. Baba yetu, kwa kuwa alikuwa muntu mwenye adabu, akasema: "Ndiye huyu." Unajua kilichofuata. Nusu ya avenyu yetu imetoka kule kaskazini, na kila nyumba ina habari kama hiyo. Mgeni akija na majina matatu kwenye karatasi, tunakuficha kabla hatujauliza anataka nini. Walikuficha kwa upendo, Hippolyte. Lakini kijana aliandika kwamba mnunuzi hapatikani na hajulikani, na jaji akakata kesi kati ya ndugu wawili tu. Mauzo yamefutwa. Kiwanja chote ni cha Christophe, na sisi tutoke.

Karatasi ya kutoka ililetwa Januari. Niliiweka chini ya godoro. Nilifikiri nitaimaliza mwenyewe, wewe upasue mawe kwa amani.

Sasa lililo zuri. Parokia ina mwanasheria anayesikiliza watu siku ya Alhamisi bila kudai kitu, Maître Tina. Ni mwanamke mdogo kwa umbo, anakula karanga huku anakusikiliza, unadhani hasikii. Nilipomaliza akasema: "Mama, kuna sheria kwa muntu ambaye kitu chake kimekatwa bila yeye kuitwa. Anarudi kwenye tribunali ile ile na kusema: na mimi munisikilize." Nikamwuliza kama tutashinda. Akasema: "Sijui. Kushinda njo neno lingine. Kwanza asikilizwe."

Papa Serge ametupa nakala ya karatasi. Kesi imepokelewa, itasikilizwa Julai, na kabla ya hapo hatutatolewa. Uje. Muntu asiyejulikana ni vizuri aonekane.

Léontine


Ng'ambo ya Kirungu, tarehe 9 Juni 2024

Yaya Léontine,

Ninakusalimu wewe, Abigaël, Mama Chantal na wanawe, na kijana wa shati jeupe pia, ambaye alifanya kazi yake.

Barua yako niliisoma mara moja tu, kwa sababu mara moja ilitosha. Sikukasirika. Ningependa uamini hilo. Ningekuwa mimi penye makaa, na mgeni anataja jina la fundi wa baiskeli lote kwa urefu, ningemwambia amehamia Kinshasa. Kuhusu Abigaël, mpe wali siku ya Jumapili, umwambie baba yake amesema asante. Nimekuwa na bahati ya kuwa na avenyu inayoweza kudanganya kwa ajili yangu bila kupanga.

Kuja siwezi. Shefu wa shantiye hatoi ruhusa kabla daraja halijaisha. Usimwombe Jean-Luc akueleze zaidi, ndivyo ilivyo.

Ila nimefanya hivi. Padri wa Kirungu amenisaidia kuandika karatasi ya kukupa wewe nguvu ya kusimama mahali pangu. Nimetia sahihi na kidole, na yeye amegonga muhuri. Maître Tina aitazame kama inatosha. Na kwa kuwa wanataka kunisikia, nimeandika maneno yangu mwenyewe. Padri alitaka kuyanyoosha, nikamwomba ayaache. Yasomwe kama yalivyo:

"Mheshimiwa Jaji. Mimi naitwa Wilondja Etabo Hippolyte, mpasua mawe. Shule niliiacha mapema, nikikosea namna ya kusema unisamehe. Kiwanja nilikinunua mchana, watu wakiona, kwa Toussaint aliyekuwa akiishi pale. Sikujificha. Walionificha walifanya hivyo bila mimi kujua, na ninaomba wasiadhibiwe, kwa sababu walifikiri wanaokoa maisha yangu. Nyumba iliyopo nimeijenga mimi, tofali kwa tofali, kila nikirudi kutoka kazini. Christophe sikumdharau. Nilikaa kwenye matanga yake. Kama tungejua kwamba yuko hai, nisingenunua bila neno lake. Sisemi kwamba hana haki. Baba yake njo alifyeka pori lile. Ninasema tu kwamba mlisikiliza ndugu wawili juu ya nyumba ya mtu wa tatu. Nisikilizeni na mimi, ndipo mkate. Mkinikatia vibaya baada ya kunisikia, nitaumia, lakini nitaelewa. Mkikata bila kunisikia, nitabaki nauliza mpaka nife."

Ndiyo hayo, Yaya. Vaa kile kitenge cha bluu. Na usimjibu jaji kama unavyomjibu mteja wa ndagala.

Hippolyte


Kalemie, tarehe 28 Julai 2024

Hippolyte, mtoto wa mama yangu,

Nitaanza na ugomvi, salamu zitafuata.

Jean-Luc alifika hapa Kalemie kutafuta vipuri vya lori. Nilimpikia. Nikamwambia: "Mwambie shefu wenu ana roho ngumu, amemzuia ndugu yangu asije kwenye kesi yake." Akaacha kutafuna. Akasema: "Mama, nani alizuiwa? Yule hawezi kutembea tangu Aprili. Jiwe lilimviringikia mguuni." Kwa hiyo ndiyo sababu ulikuwa ukiandika umelala. Jumapili gani hiyo iliyodumu miezi mitatu? Nililia mbele ya mgeni, ugali ukapoa. Ulinikataza mimi kukuficha mambo, na wewe umeficha mguu mzima.

Nimemaliza. Sasa salamu. Tuko wazima. Kesi imesikilizwa.

Tribunali ilijaa. Avenyu nzima ilikuja kwa miguu, fundi wa baiskeli alifunga kibanda chake, Mama Pascaline aliacha makaa bila mlinzi. Toussaint alitoka Bendera, amekonda, akakaa benchi la nyuma. Christophe alikaa mbele peke yake, na begi lake. Nilijifunza siku hiyo kwamba chumba alichokuwa amepanga kilichukuliwa na ziwa, tangu Aprili analala kwenye kibaraza cha kanisa. Sikutaka kumhurumia, lakini niliona viatu vyake.

Jaji alimwita Mama Pascaline.

"Mama, mjumbe wangu alikuuliza juu ya huyu muntu, ukasema humjui."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Leo unasema unamjua."

"Papa Abigaël ninamujua sana. Amenijengea jiko. Yule wa majina matatu njo sikumujua."

"Ni muntu mmoja, Mama."

"Leo mumetuambia. Siku ile kijana wako alisoma jina kama wale wa zamani walivyosoma. Angesema, 'Ninamuita aje ajitetee,' ningemubeba mugongoni mpaka hapa na uzee huu."

Watu walicheka, na kijana wa shati jeupe akacheka pia. Jaji hakucheka, ila aliweka kalamu chini, akamwambia kijana: "Kuanzia sasa ukiuliza mtu, anza na sababu."

Kisha Maître Tina akasoma maneno yako. Hakuongeza wala kupunguza. Hippolyte, nimekulea, nilikuwa sijui kwamba unaweza kusema hivyo. Aliposoma "nitabaki nauliza mpaka nife," tulisikia boti likipiga honi kule bandarini.

Christophe akaomba kusimama. Nilikaza moyo. Akasema: "Samahani, Mheshimiwa. Huyu bwana analalamika kwamba alihukumiwa bila kuitwa. Hata mimi nilizikwa bila kuitwa." Safari hii jaji alicheka. Christophe mwenyewe hakucheka. Akaendelea: "Nilipofika nilikuta nyumba juu ya ardhi ya baba. Wakaniambia mwenye nyumba hajulikani. Nikadhani ni mkubwa fulani aliyejificha nyuma ya ndugu yangu. Sikujua ni muntu aliyelala nje kwenye matanga yangu. Simtaki atoke kwenye nyumba yake. Ninataka mahali pa kuweka kichwa, kwenye ardhi iliyofyekwa na baba."

Toussaint akaja mbele bila kuitwa, akapiga magoti, si kwa jaji, kwa kaka yake. Christophe akamwambia, polepole: "Simama, watu wanatutazama." Akamshika mkono akamwinua.

Jaji aliandika muda mrefu. Halafu akasema hukumu ya kwanza haikufungi wewe, kwa kuwa hukusikilizwa. Hakuna wa kututoa. Kesi imeanza upya, watu watatu sasa, na wewe ni mmoja wao, kwa majina yako yote. Ametupa mpaka Oktoba. Tukikubaliana tutaenda mbele yake, ataandika makubaliano kama hukumu, na hakuna atakayeyageuza tena. Tusipokubaliana atakata mwenyewe.

Christophe alinifuata nje. Anaomba sehemu ya chini, kutoka mti wa mparachichi mpaka kijito, pale ninapolima matembele. Nyumba na jiko na uwanja wa juu vibaki vyako. Najua sehemu ile ulitaka kumjengea Abigaël akikua. Maître Tina anasema una haki ya kukataa, na kwamba ukikataa anaweza kukupigania vizuri. Mimi sikumjibu Christophe. Nilimwambia mwenye neno yuko Marungu, na safari hii ataulizwa.

Sema wewe.

Léontine


Ng'ambo ya Kirungu, tarehe 25 Agosti 2024

Yaya Léontine,

Ninakusalimu nikiwa nimekaa, na mguu uko chini kama miguu ya watu wengine. Ninachechemea, lakini ninatembea mpaka mtoni na kurudi. Shefu niliyemsingizia ndiye aliyenibeba kwenye gari lake mpaka hospitali ya Kirungu, akanilipia dawa bila kunikata mshahara, na sasa amenipa kazi ya kukaa, ya kupanga kokoto. Nilimwomba msamaha, akashangaa, hakujua kwamba nilimfanya mtu mbaya huko Kalemie.

Nilikuficha kwa sababu moja. Ungejua, ungefunga nyumba na kupanda boti kuja kuniuguza. Na nyumba yenye kesi ikifungwa, inapotea. Nilihitaji ubaki mlangoni. Umebaki. Sina neno la kukushukuru linalotosha, kwa hiyo sitalitafuta.

Barua yako Jean-Luc alinisomea kwa sauti penye moto kwa sababu miwani yangu nayo imevunjika, imefuata mguu. Alipofika kwa Mama Pascaline wenzangu wakamtaka arudie. Alipofika mahali jaji alipotaja majina yangu kwamba mimi ni mmoja wa watu watatu, mimi mwenyewe nilimwomba arudie. Nimefanya kazi kwa watu wengi, Yaya. Wameniita kijana, wewe hapo, mwenye nyundo. Jaji ambaye hajanitazama usoni alinisikiliza mpaka maneno yangu yakaisha. Mtu asiyewahi kunyimwa hilo hawezi kujua uzito wake.

Juu ya sehemu ya chini nitasema ukweli. Moyo wangu haukukubali siku ile. Ulikataa. Nilisema, nimeshinda kusikilizwa, sasa nishinde yote. Nililala na hasira yangu siku kadhaa na nikaiona inapendeza. Kisha nikawaza kile Christophe alichosema juu ya kuzikwa. Sisi wote tuliokaa pale kwenye matanga tulikata kesi yake bila yeye, tukala, tukarudi nyumbani. Hatukufanya ubaya, hatukujua. Toussaint naye hakujua. Lakini kutojua kwetu ndiko kulikomfanya alale kwenye kibaraza cha kanisa, na mimi niwe na uwanja wa juu na wa chini. Nikisema sheria inilinde mimi tu, nitakuwa ninataka sikio la jaji liwe moja.

Basi ninakubali. Kutoka mti wa mparachichi mpaka kijito ni kwake. Matunda ya mti wenyewe mgawane, maana matawi hayajui mpaka. Abigaël nitamweleza mwenyewe nikifika. Akikasirika ana haki, nami nitamsikiliza mpaka amalize. Mwombe Maître Tina aandike makubaliano kwa majina yetu yote, yangu matatu, ya Christophe, na ya Toussaint, na nakala ipelekwe kwenye biro ya ardhi ili mimi na Christophe kila mmoja apate hati yake. Mawe ya mpaka mpya yasiwekwe kabla sijafika. Daraja litaisha katikati ya Septemba, nitashuka na lori la kwanza.

Wasalimie wote waliofunga kazi zao kwenda kunishuhudia. Mama Pascaline mwambie jiko lake nitalikarabati.

Mpaka nifike, Christophe asikae kanisani. Mpe chumba cha nyuma, ahamie na begi lake leo. Ninajua atakuwa na haraka ya kuanza kujenga, muntu aliyekaa kambini miaka ile hawezi kungoja. Mwambie asifyatue matofali kwa udongo wa kule chini. Una mchanga, yatapasuka jua la kwanza. Achimbe nyuma ya jiko letu, pale nilipochimba wa kwangu. Shimo lile bado lina udongo wa nyumba nzima.

Mdogo wako,
Wilondja Etabo Hippolyte